Mlinzi wa Nyasi Aenda Palermo

Wengine huzaliwa kutawala. Ezekieli Luseno alizaliwa kukataza. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mlinzi wa bustani ndogo pembeni mwa mtaa wa Ziwani, Nairobi, bustani yenye mijakaranda mitatu, benchi mbili za saruji na nyasi ambazo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuzikanyaga. Ilikuwa mali ya Jumuiya ya Mandhari Bora, chama kilichoundwa ili wananchi wapate mahali pa kupumzika. Luseno alihakikisha hawapumziki. Mama aliyetoka sokoni na gunia la viazi mgongoni akithubutu kuketi kivulini, alipulizwa firimbi kabla hajashusha pumzi.

"Niaje, Firimbi!" vijana wa mtaa walimwamkia. "Nyasi ziko poa?"

"Ziko salama," alijibu, kama mtu anayelinda hazina ya taifa.

Mwaka wa 1996 Jumuiya ilipata mwaliko kutoka kwa wapenda mimea wa mji wa Palermo, huko Italia. Wajumbe wanne walitakiwa kwenda kuitembelea bustani ya mimea ya mji huo, yenye umri wa miaka mia mbili, na kujifunza. Mwenyekiti, Laban Opicho, aliteua wajumbe kwa uadilifu mkubwa. Alianza na yeye mwenyewe, akamteua mkewe Carolyne, kisha shemeji yake Ochola, ambaye ujuzi wake wa mimea uliishia kwenye kachumbari. Nafasi ya nne ilikuwa ya mpwa wake, lakini waandalizi walikuwa wakaidi: walitaka mfanyakazi halisi wa bustani, tena na picha yake akiwa kazini. Faili zote zilipekuliwa. Katika historia nzima ya Jumuiya, mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kupigwa picha akifanya kazi: Luseno, ndani ya kabuti lake la kaki, mashavu yamevimba kwa kupuliza firimbi.

"Baba Kageha," mkewe Nasike alimwambia akimkunjia shati, "kumbe wazungu nao wana nyasi za kulindwa?"

"Naenda kujifunza."

"Sawa. Utarudi ukifukuza watu kwa Kiitaliano."

Alitia Biblia mkobani, akatia na firimbi. Askari hasafiri mikono mitupu.

Siku mbili za kwanza Palermo, ujumbe ulichunguza mazingira ya viatu. Carolyne alivichunguza duka baada ya duka, Ochola akibeba makasha, na Mwenyekiti akisema kwamba huwezi kuelewa miti ya nchi bila kuelewa ngozi yake. Luseno aliachwa hotelini kulinda mizigo, kazi aliyoifanya kwa moyo wote.

Siku ya tatu wakapelekwa bustanini. Mwenyeji wao alikuwa Bi Concetta, mama mfupi mwenye mvi aliyefanya kazi humo tangu ujana. Mkalimani alikuwa Padri Salvatore, mzee aliyewahi kufundisha Nyeri na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimebaki huko.

"Mti hii iko mkubwa sana," alisema padri mbele ya mtini wa ajabu, uliokuwa umeshusha mizizi kutoka kwenye matawi mpaka ardhini, mmoja baada ya mwingine, hadi ukawa kama nyumba yenye nguzo. Luseno alivua kofia. Kwao Maragoli mti wa jinsi hiyo, mukumu, haukukatwa hovyo, na wazee walipita chini yake wakiwa wamenyamaza. Alitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Hakuna aliyemkataza kusimama pale.

Mwenyekiti alitazama saa.

Ndani ya banda la vioo Luseno alipatwa na mshangao wa aina nyingine. Shubiri, ile ile ambayo Nasike alijipaka kwenye chuchu ili watoto waache ziwa, ilikuwa imeketi kwenye chungu kizuri, na jina la Kilatini limeandikwa mbele yake kama la waziri. Kando yake palikuwa na mkonge. Halafu mmea ambao yeye mwenyewe aliung'oa kwa jembe kila msimu wa mvua kule Ziwani na kuutupa jalalani. Hapa ulinyunyiziwa maji kwa kipimo.

"Bibi anauliza, hii unajua?" padri alimtafsiria Bi Concetta.

"Naijua sana," alijibu Luseno, na kwa mara ya kwanza maishani akaona haya mbele ya gugu.

Walipotoka, aligundua kwamba Mwenyekiti hayupo. Alirudi kumtafuta. Alimkuta nyuma ya safu ya dungusi, ile mimea ya jangwani, ameinama, mkono mmoja umezama katikati ya vyungu, mwingine umefungua mkoba wa Carolyne. Alikuwa akikinyofoa kidungusi kidogo cha duara, chenye manyoya meupe kama kichwa cha babu.

Baadaye Luseno aliapa kwamba hakuamua chochote. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, mdomo ukafanya ulichokifanya kwa miaka kumi na tisa. Firimbi ililia ndani ya banda lile la vioo kana kwamba treni imeingia. Watalii waliganda. Walinzi wawili walifika mbio. Mwenyekiti aliruka kwa mshtuko, akakifumbata kidungusi kwa nguvu zake zote, na hapo ndipo alipofahamu kwamba yale hayakuwa manyoya.

"Mwenyekiti," alisema Luseno kwa sauti ya kazini, "rudisha mmea."

"Mjinga wewe! Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Rudisha."

Bi Concetta alikuwa amefika. Mwenyekiti alijinyoosha, machozi yakimlengalenga.

"Mwambie," alimwagiza padri, "nilikuwa nausalimia. Ni mila yetu."

Padri akatafsiri neno kwa neno. Bi Concetta aliitikia kwa heshima, kama mtu aliyekwisha kusikia mila nyingi. Akaleta miwani na kibano, akamketisha Mwenyekiti kwenye kigoda, akaanza kumchomoa miiba, mmoja mmoja. Ilikuwa miiba midogo kama vumbi, nayo ilikuwa mingi. Kwa saa nzima alimweleza historia ya mmea ule, na padri hakuruka hata sentensi moja. Hivyo ndivyo Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mandhari Bora alivyosoma elimu ya mimea.

Mmoja wa wale walinzi, aliyeitwa Nino, alimshika Luseno bega, akaionyesha ile firimbi, akacheka, akamkaribisha kahawa kwenye kibanda chao. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walitembea mchana kutwa, Nino akionyesha mahali watu wanapochonga majina yao kwenye miti, Luseno akitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Chini ya mtini mkubwa wanafunzi walikuwa wamejilaza na vitabu vyao. Luseno alimtazama Nino, akingoja afanye kazi yake. Nino aliwapungia mkono, akapita.

Kurudi Nairobi, ripoti ya safari ilisema ziara ilifana, ila mfanyakazi mmoja alipatwa na homa ya nchi za baridi iliyomtia wazimu wa muda. Ilikuwa Juni, na Palermo jua lilikuwa la kukaangia yai. Ochola aliajiriwa kuwa mtaalamu wa bustani ya Ziwani, maana alikuwa amesomea ng'ambo. Luseno alihamishiwa mtaa wa Mowlem kulinda bustani tarajiwa: kiwanja kitupu, bila mti, bila benchi, bila unyasi hata mmoja.

Alikaa pale wiki tatu akilinda mavumbi. Kisha mama mmoja jirani, Benta, akaja na jembe.

"Baba, hapa naweza panda sukuma kidogo?"

Neno la kukataa lilimfika kooni. Likakaa hapo, likashuka.

"Panda," alisema. "Acha tu njia ya kupita."

Kufikia mwaka uliofuata kinamama arobaini walikuwa na vitalu vyao, na Luseno alikuwa na kipande chake cha kunde na mrenda. Siku moja gari la Mwenyekiti liliingia, na ndani yake wanaume wawili wenye ramani na futi, waliokuja kukipima kiwanja kiuzwe. Walishuka, wakaona majembe arobaini yamesimama kwa pamoja, wakatazamana. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Mwenyekiti alikuwa akitafuta udiwani. Akatabasamu haraka.

"Hii," alitangaza, "ndiyo bustani niliyoahidi nilipotoka Palermo!"

Akapigwa picha akikumbatia kabeji, ramani zikarudi garini.

Kwenye uchaguzi alishika nafasi ya nne kati ya wagombea watano. Luseno hakucheka, angalau si mbele za watu. Jumuiya haikukumbuka tena kumhamisha, na kwenye vitabu vyake aliendelea kuitwa mlinzi wa bustani tarajiwa, huku Nasike akimtuma kila jioni avune mrenda kabla haujakomaa.