Simu ya Hosea Rafuni

Rhobi hachimbi dhahabu, wala hana hamu nayo. Kazi yake hapo machimboni Matongo ni kuchaji: sola mbili juu ya bati, betri kubwa chini ya meza, na ulimi ambao hata wanaume wa nyundo wanauogopa. Mchimbaji anayeshuka humwachia simu rafuni, maana chini hakuna mtandao, naye humpa tochi ya kichwani. Akipanda, anarudisha tochi na kuchukua simu yake mwenyewe. Haichukuliwi na mtu mwingine, hata ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo Rhobi akitaka kujua nani bado yuko shimoni, anatazama rafu tu.

Na kila anayempa tochi humwambia: "Ikizima, kaa hapo hapo. Usipapase." Wamelisikia neno hilo mpaka wanamwigiza.

Siku hiyo mawingu hayakuondoka. Hosea, mgeni kutoka Geita, alikuja mbio.

"Dada Rhobi, nipe tochi hiyo hiyo."

"Haijajaa. Itakuzimikia."

"Nitawahi kupanda."

"Haraka haraka haina baraka, Hosea." Lakini alimpa. Foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa amechoka kubishana.

Jioni simu za rafuni ziliondoka moja moja, ikabaki ya Hosea. Ikaita. Kwenye kioo lilitokea jina la mkewe, Juliana. Rhobi hapokei simu za watu. Aliiacha ilie, na hofu ikamwingia, kwa sababu ile tochi isiyojaa alimpa yeye mwenyewe.

Akamwendea shemeji yake Marwa, msimamizi wa duara, yaani shimo la kuchimbia, aliyekuwa ameshanawa mikono ale ugali.

"Shemeji, Hosea hajapanda."

"Huyo? Atakuwa ameenda kunywa. Si unawajua wageni hawa."

"Bila simu?"

"Mlevi anakumbuka simu?"

"Simu yake iko kwangu na tochi yangu iko kwake. Yuko chini. Wewe kula tu. Nitashuka mwenyewe na gauni hili hili, halafu utawaeleza wazee kwa nini mwanamke wa ukoo wenu ameingia duarani na wewe upo."

Mwanamke kushuka duarani ni mwiko hapo. Marwa aliacha ugali, akaita watu na kamba. Betri ilikuwa imebakiza chaji kidogo, basi Rhobi akachomoa simu zote za wanakijiji mezani, ya mchungaji ikiwamo, akachomeka tochi mbili za waokoaji.

Walimkuta kwenye tawi la pembeni, ameketi gizani, mgongo ukutani, hatua chache tu kutoka kwenye shimo refu la zamani. Hakuwa na hata mkwaruzo.

Alipopandishwa juu, Rhobi alimzaba kofi la bega, kisha akalia waziwazi mbele ya wanaume wote.

"Ungekufa, mjinga wewe! Na mimi ndiye niliyekupa!"

"Nilikaa, dada," Hosea alisema. "Nilijua utaangalia rafu."

Simu ikaita tena mkononi mwa Rhobi. Akaifuta kwa upindo wa khanga, akampa.

"Pokea. Amekupigia jioni nzima."