Marahaba ya Mzee Joakimu

Felician Basili tunayemwona leo, mwenye sweta la kijivu na uso wa mtu anayeumwa jino, ndiye yule yule aliyewahi kuchekesha nchi nzima. Zamani alikuwa wakili. Akaacha mahakama, akaandika kitabu cha vichekesho, kikauzwa mpaka kwenye stendi za mabasi. Siku hizi anatufundisha uandishi wa kikazi kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia hapa Bashay, Mbulu: barua, taarifa, muhtasari wa kikao. Mimi ni karani, kwa hiyo naenda. Anafundisha vizuri, sikatai. Lakini sijawahi kumsikia akicheka, na sababu naijua, maana iko nyumbani kwangu.

Kichekesho kilichompa jina kilimhusu baba mkwe wangu, Mzee Joakimu. Mzee alikuwa na kesi ya shamba, Felician ndiye wakili wake. Hakimu aliyesikiliza kesi ni binti mgeni wa huku, umri wa mjukuu wake. Akamwambia mzee aeleze madai yake. Mzee kimya. Akaambiwa tena, kimya. Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimia, na mzee alikuwa anangoja shikamoo yake ndipo aongee. Binti akadhani ni jeuri. Wakili alijua kabisa kinachoendelea. Angesimama akaeleza kwa sentensi moja. Hakusimama. Alikuwa ameinama anabana kicheko. Shamba likaenda.

Halafu akayaandika yote, na jina la mzee akaliacha vile vile. Watu wakacheka. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Gulioni wahuni wakawa wanamwamkia mzee kwa sauti za kuigiza, mmoja baada ya mwingine, kisha wanaangua kicheko. Mzee hakujua tena ipi ni heshima na ipi ni dhihaka, akaacha kuitikia zote, hata za wajukuu. Mnajua uzito wake, mzee wa Mbulu kuacha kuitikia shikamoo? Nilimchukia Felician, na mpaka leo chuki haijaisha yote.

Mwaka huu mzee alipozidiwa, Felician alinifuata baada ya somo.

"Mama Sara, nisaidie. Nataka aniitikie tu kabla hajaondoka. Sitaki kingine."

Nilimpeleka, wala si kwa huruma. Nilitaka aone.

Kulikuwa na ukungu na baridi, chumba kinanuka moshi na dawa. Felician alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama, akamtazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Sara, mwambie hilo neno alishaliuza. Anisalimie kwa lingine."

Mwalimu wetu alitafuta neno lingine, akakosa. Hata salamu ya Kiiraqw, lugha ya mama yake, haikumjia. Alibaki pale pale magotini mpaka mimi, niliyemleta ili aumie, nikamshika mkono nikamwinua.

Mzee tulimzika wiki iliyofuata. Felician alikuja, akakaa benchi la mwisho peke yake. Vijana waliokuwa wanapita kutoa pole walimwinamia mmoja mmoja, "Shikamoo, mwalimu," kwa heshima kabisa. Alikuwa anawatazama usoni kama anayetafuta kitu, na hakumwitikia hata mmoja.