Viganja vya Mlinzi wa Bwawa

Usiku kucha Mama Léoncie aliwaza Wabeleji wa Goma, wenye bwawa, watajibu nini ombi la kijiji: je, bwawa litafunguliwa ili kambale wapande kutaga kinamasini, au wanawe watakula mihogo mitupu mwaka mwingine tena? Alfajiri alimkuta mlinzi wa bwawa pale pale pake pa kila siku, ameegemeza viganja vyekundu kwa kutu kwenye mlango wa chuma, akihisi samaki wakiugonga kwa vichwa.

“Muzee, wamesema nini?”

“Wameitika, mama,” akanong'ona, kama kawaida yake. “Nyamaza kwanza. Wageni wanapiga hodi.”

Akashika gurudumu la kuinulia mlango, mama akalisukuma pamoja naye. Ghafla mtu yule wa minong'ono akapaza sauti mpaka ng'ambo:

“Karibuni! Ingieni, ni kwenu!”

Mlango ukapanda, na kambale wakapita wakirukiana migongoni.