Siku Niliyosherehekea Kesi Niliyoshindwa

Kuna aibu ambayo mtu huenda nayo kaburini, na kuna aibu ambayo mtaa mzima uliila pamoja na nyama. Yangu ni ya pili, kwa hivyo kuificha ni bure. Afadhali niisimulie mwenyewe kabla wengine hawajaiongezea chumvi.

Mimi ni mchonga vinyago. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaja Nairobi na patasi mbili na tezo moja, nikalala Majengo miaka mingi katika chumba cha watu wanane, nikachonga twiga na vifaru mpaka nikapata nyumba yangu Umoja, na sikumwomba mtu. Nasema haya msije mkadhani mkasa huu ulimpata mjinga. Ulimpata mtu mwerevu, ndiyo maana ulikuwa mkubwa.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Baba Halima, muuza unga na sukari kwa jumla, mtu wa maneno matamu. Miaka ile ya themanini kila mtu Umoja alikuwa anaongeza chumba, naye akaongeza chake. Ukuta ukapanda, ukapanda, mpaka asubuhi moja mke wangu akaniita chumba anachoshonea.

"Baba Mueni, hebu nitungie uzi kwenye hii sindano."

Nikashindwa. Saa nne asubuhi, na giza kama ndani ya gunia! Ukuta ulikuwa umesimama mbele ya dirisha lake, ukinyoosha mkono unaugusa. Mke wangu alikuwa akishona sare za shule pale, na bila lile dirisha cherehani ilikuwa meza tu. Basi nikaenda kortini, ukuta ushuke.

Siku ya kwanza nilijisemea mwenyewe, nikasema mengi mno (nilimuuliza hakimu yeye angefanya nini mtu akimzibia mkewe dirisha, kama ni mwanamume kweli), na askari wakanitoa nje wakiwa wamenishika makwapa. Ndipo nikatafuta wakili. Nilimchagua kwa sababu ya kiti chake, kiti cha ngozi chenye kuzunguka, nikajiambia mtu mwenye kiti kama hicho hawezi kushindwa. Akaniambia, "Mzee, kesi yako ni nzuri, ubaya wake ni mdomo wako. Siku ya kesi usiseme hata neno moja mpaka mimi nifike."

Sasa mimi, tangu nizaliwe, sijawahi kumtii mtu. Siku niliyoamua kutii, nikatii kama askari.

Nilikodi pikapu, nikapakia majirani kumi na mmoja waje waone ninavyoshinda, na mke wangu na kitambaa chake cha kanisani. Mlangoni mwa korti nikawapanga mstari. "Ndani, kimya. Atakayefungua mdomo atarudi Umoja kwa miguu."

Tukaketi. Wakili hakuna. Hakimu na karani wake walikuwa wakisemezana Kizungu cha mbio, na waliotafsiriwa ni wale tu waliosimama mbele. Baba Halima alikuwa benchi la mbele yangu, hana wakili, ana mdomo wake tu. Karani akasoma jina lake na langu. Baba Halima akasimama, "Niko, Mheshimiwa."

Mimi kimya. Nikatazama mlango. Nikajiambia, wakili bado kufika, kwa hivyo na mimi bado kusema.

Jina langu likaitwa mara ya pili. Askari akatoka barazani akaliita kuelekea barabarani, nikawa nalisikia likienda zake nje na mimi mwenyewe niko ndani.

"Baba Mueni," mke wangu akaninong'oneza, "si wewe huyo unaitwa?"

Nikamkanyaga mguu. Akataka kusimama, nikamvuta leso akarudi chini. (Hilo la leso hajalisamehe mpaka leo, na ana haki.) Mara ya tatu. Nimekunja mikono, nimetulia kama gogo la mpingo. Hakimu akasema maneno mafupi ya Kizungu, akaandika, akafunga faili. Baba Halima akainamisha kichwa, akatoka polepole bila kumtazama mtu.

Niliona kile kichwa kilivyoinama na moyo wangu ukaruka. Sikujua kwamba kila anayetoka kortini humwinamia hakimu; ningejuaje, na mimi mara ya kwanza nilitoka nimebebwa?

"Umeona?" nikamwambia mke wangu. "Ameshindwa hata bila sisi kusema neno!"

"Na wakili alikuwa wapi?"

"Wakili mkubwa hana haja ya kuja."

Tukarudi tukiimba ndani ya pikapu kutoka mjini mpaka mlangoni. Nikaagiza mbuzi, chapati zikapikwa, majirani wakajaa uani. Jioni nani akaingia? Baba Halima. Nikasimama na ubavu mkononi, "Karibu jirani, mimi si mtu wa kinyongo!"

"Amechinja nani?"

"Mwenye bucha wa Majengo, Mwislamu mwenzako."

Akaketi, akala sahani mbili, akanawa mikono, akajifuta ndevu.

"Nyama tamu, jirani. Sasa, tunasherehekea nini?"

"Kesi, bwana! Pole, lakini ukuta sharti ushuke."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. "Baba Mueni, kesi imetupwa. Umeitwa mara tatu hukuitika. Hakimu amesema mwenye kesi hakufika."

"Sikufika? Si nilikuwa nyuma yako, ningeweza kukugusa shingo!"

"Najua. Hata pumzi zako nilizisikia."

Mama Njeri wa nyumba ya pili akatua sahani, "Kwani hii tumekula ni matanga?" Watu wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Mke wangu hakucheka. Aliinuka, akaingia katika kile chumba chake cha giza, akafunga mlango.

Asubuhi nilimkuta wakili katika kiti chake. Siku ya kesi yangu alikuwa Thika, kwa kesi ya ng'ombe, na alisahau kumtuma mwingine. "Kosa ni langu, mzee. Lakini kwani hukuweza hata kusema 'niko'?" Nilitaka kukivuta kile kiti aanguke.

Tukarudi kortini kuomba kesi ifufuliwe. Safari hii alifika. Akasema mteja asiadhibiwe kwa kosa la wakili wake. Hakimu akauliza, "Korti itajuaje kwamba alikuwepo?" Mashahidi wangu wote walikuwa wamekula mbuzi wangu, atawaamini vipi? Akamgeukia Baba Halima. Neno moja tu, "sikumwona," na dirisha la mke wangu limekufa milele.

Baba Halima akazishika ndevu. "Mheshimiwa, ningependa sana kusema sikumwona. Ukuta wangu ni mzuri. Lakini siku ile ile nilikula kwake, sahani mbili, na nikishakula chumvi ya mtu siwezi kusema hakuwepo duniani. Alikuwepo. Alinyamaza kama kinyago chake, lakini alikuwepo."

Hakimu mwenyewe alicheka. Kesi ikafufuka, tukaambiwa tujaribu kwanza kusikilizana. Hatukufika mbali, tulisikilizana pale pale ngazini.

"Naushusha ukuta mistari mitano ya mawe," akasema.

"Saba."

"Sita, na mbuzi mwingine."

Watu huniuliza, je, mteja aumie kwa kosa la wakili wake? Mimi nasema hapana. Fundi wangu akivunja pembe ya kifaru, mnunuzi hapewi kifaru kisicho na pembe akaambiwa akagombane na fundi. Namchongea kingine. Lakini nami niseme ukweli: wakili hakunifunga mdomo kwa kamba, na kile kiti nilikichagua mwenyewe. Nimeapa sitamwachia tena mtu mwingine kazi ya kusema niko. Siku hizi hata zahanati, jina la mtu likiitwa mara ya pili hajatokea, mimi humwitikia, "Yuko njiani!"

Na mke wangu, jua likishapita juu ya ule ukuta likaangukia cherehani, huniita kwa sauti ya karani, jina langu kamili, tayari kuliita mara tatu, hata kama nimekaa hapo hapo kando yake.

Huwa siingoji ya pili. "Niko, Mheshimiwa."