Sekunde Tano za Balthazar

Tangu afungiwe kwenye mbio za magari, Évariste hutengeneza pikipiki za kupeleka vyakula majumbani, katika karakana ndogo ya mtaa wa Doornfontein. Anaifanya kazi hiyo vizuri, kama mtu anavyomlea mtoto wa jirani. Mtoto wake mwenyewe ni gari jekundu lililobaki nyuma ya uzio wa uwanja wa mbio, magharibi ya jiji, ambako haruhusiwi kukanyaga.

Aliletwa uwanjani hapo na kazi ya ulinzi, mwaka aliofika kutoka Bukavu. Alikuwa akifungua na kufunga lango. Siku moja fundi mmoja hakufika, Évariste akaombwa ashike spana kwa saa moja. Akaishika miaka tisa.

Orpha, mkewe, humcheka huku akimsuka mteja. "Wakongo wenzako wanalilia Kivu, huyu wangu analilia moshi!"

"Kivu nalilia pia," Évariste hujibu. "Ila kwa zamu."

Kosa lake halifichi. Sheria ya mashindano yale ni kwamba gari likishinda, katika mbio zinazofuata hubebeshwa tofali zito la chuma, ili wengine nao wapate nafasi. Gari jekundu lilikuwa limeshinda mara tatu. Évariste alilitoboa tofali kwa chini, akalijaza mbao, akalipaka rangi. Alitamani kuliona gari likikimbia kama lilivyozaliwa. Likakimbia, likashinda, na wakaguzi wakaliweka tofali kwenye mizani.

Siku hiyohiyo, katika mbio hizohizo, kipande cha gari kilianguka kwenye kona. Balthazar aliingia barabarani kukiokota. Ni Mrundi, mlinzi wa duka siku za wiki na mshika bendera siku za mbio, na anaishi ghorofa moja na akina Évariste. Mwenzake alikuwa akipunga bendera ya njano, ambayo kila dereva anaijua: punguza mwendo, kuna mtu njiani. Gari jeupe halikupunguza. Kioo chake cha pembeni kilimpiga Balthazar, kikamvunja mfupa wa mtulinga, pale begani.

Jioni adhabu zilibandikwa ukutani, zote kwenye karatasi moja. Fundi wa gari jekundu: kufungiwa miaka miwili. Dereva wa gari jeupe: kuongezewa sekunde tano kwenye muda wake. Akashuka kutoka nafasi ya pili hadi ya tatu.

Miezi kumi baadaye Évariste alipata nafasi ya kukata rufaa. Aliandika barua ndefu, kisha akaenda kumsomea Balthazar mlangoni kwake. Ilisema kwamba kombe aliloiba yeye lilirudishwa kwa mwenyewe siku ileile, lakini bega la mtu halirudishwi na yeyote. Iweje basi aliyeiba kombe aadhibiwe kuliko aliyekaribia kuua?

Balthazar alisikiliza hadi mwisho.

"Maneno matamu, mdogo wangu. Wewe unataka nini?"

"Kurudi kazini, kaka."

"Na mimi nimo humo kufanya nini?"

Évariste aliikunja barua.

"Bega langu si ngazi," Balthazar alisema. "Ukitaka kupanda, tafuta ngazi yako." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na hasira, akamuuliza kama ameshakula.

Évariste aliichana barua. Aliandika nyingine ya mistari minne: nilifanya, nilijua, naomba radhi, naomba kurudi.

Kamati ya rufaa ilikaa katika ofisi moja huko Marshalltown. Watu watatu walikuwa mezani, na mwenyekiti alikuwa mama mwenye sauti ya upole. Alisema barua imewagusa, maana mafundi wengi huja na visingizio. Walikuwa tayari kupunguza adhabu iwe mwaka mmoja. Baada ya miezi miwili angerudi.

Miezi miwili! Évariste aliona mikono yake ndani ya gari jekundu, hadi kwenye viwiko. Alikuwa amebakiza kusema asante tu.

"Mama, naomba kuuliza. Kesi ya mshika bendera aliyegongwa, nani ataikatia rufaa?"

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. "Hakuna aliyeileta. Na nakutahadharisha: ukiichanganya na yako, tutaihesabu kuwa kisingizio. Hatutakupunguzia."

Nje ya dirisha wachuuzi walikuwa wakiitana barabarani. Évariste alivuta kiti karibu na meza.

"Basi yangu iacheni ilivyo," alisema. "Miaka miwili ni haki yangu, nilidanganya. Nimekuja na ile nyingine. Andikeni kwamba imeletwa."

Waliandika.

Balthazar alipoambiwa alishika kichwa. "Eish! Nilikwambia usilitumie bega langu!"

"Sikulipanda, kaka."

"Imebaki miezi mingapi?"

"Kumi na minne."

"Mjinga wewe," Balthazar alisema taratibu, akamshika mkono, asiuachie.

Wiki tatu baadaye Balthazar alipata barua. Ilisema shauri lake limepokelewa na litajadiliwa kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka. Hawakuahidi zaidi ya hapo.

Jumamosi ya mbio Balthazar hugonga mlango wa jirani mapema. Mkono wake wa kushoto bado haupandi vizuri, na ovaroli lake la uwanjani, la rangi ya chungwa, lina vifungo hadi shingoni. Évariste humsimamisha penye mwanga, amvalishe. Huanza na kifungo cha chini. Nguo imefuliwa mara nyingi, lakini kwenye kola harufu ya petroli na mpira ulioungua haijatoka. Afikapo hapo, vidole vyake hupunguza mwendo.

"Nitachelewa, mdogo wangu," Balthazar husema, na husimama vilevile, akingoja.