Muziki Uliomwondoa Babu Masatu Sebuleni

Nakumbuka siku moja kule Mugeta, baba yangu alisimama mlangoni akaomba kusikia muziki. Keti hapa kwa bibi yako, mwanangu, na hivyo vidude vya masikioni uvitoe. Jana uliweka ile piano yako ya Wafaransa kwenye spika, babu yako Masatu akaacha chai, akarudi zake Bunda bila kuaga. Wewe ukacheka, ukasema mzee ni mshamba. Mshamba! Huyo kaka yangu aliupenda muziki huo kabla mama yako hajazaliwa.

Alikuwa anasoma sekondari hapa Musoma. Mwalimu mmoja akamwazima kanda za hao hao Wafaransa wa zamani, basi akawa kama wewe tangu uupate huo muziki kwenye simu: chakula hali vizuri, haongei, anasema ni maji yanayotembea. Likizo akaja nyumbani na redio kaseti, ameibana sikioni kama anayeumwa jino.

Baba yetu alilima pamba, lakini alipigaga litungu, ile ala ya nyuzi nane, na harusi za Mugeta zilimsubiri yeye. Akamwambia, "Masatu, ongeza sauti kidogo na mimi nisikie."

"Baba, hii huwezi kuielewa. Siyo ya harusini."

"Haya," baba akasema, akaenda kufungia ng'ombe. Hakugomba. Natamani angegomba.

Masatu aliporudi shule, baba akalishusha litungu ukutani. Kumbe alikuwa anasikia kupitia ukuta! Kila jioni anakaza uzi huu, analegeza ule, ananiuliza, "Nyabuke, ilikuwa inakwenda hivi?" Namwambia bado, baba. Mwisho akapata kipande kidogo, akacheka peke yake. "Akija likizo nitampigia. Usimwambie."

Likizo haikumkuta. Kifua kilimzidi, tukamzika wakati wa masika, kwenye tope. Masatu alifika kaburi limeshafukiwa, maana barabara ilikuwa imekatika kwa mvua.

Kesho yake baba mdogo alitaka kumuaga marehemu kwa litungu lake. Akaligusa, akasonya. "Nani kalichezea hili? Nyuzi zote kaziharibu!"

Masatu akalipokea azikaze nyuzi upya. Akapitisha kidole, uzi mmoja baada ya mwingine. Akapitisha tena. Hakuna aliyemwambia kitu, mwanangu, alikijua alichokisikia: ule ule muziki wa kanda zake. Akaliweka chini, akalia mpaka wanaume wakamtoa nje. Shangazi yetu akamfuata, akamwambia mbele yangu, "Baba yako hakuomba kuelewa. Aliomba kukaa na wewe."

Kanda hakuzigusa tena. Nyumba yake ya Manyamanyama, huko Bunda, unaijua, hata redio haina. Alimpoteza baba, akaupoteza na muziki, na mimi nikampoteza kaka aliyekuwaga anaimbaimba akichunga. Inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana jana aliinuka, siyo kwamba anakudharau.

Sasa sikia. Muziki wako usiuache, hauna kosa. Ila mtu wa nyumbani akikuomba kusikia, msogezee kiti, hata kama atasinzia, hata kama atauliza maswali ya ajabu. Usimpimie akili. Hujui anakuomba nini hasa, na hujui ataomba mara ngapi.

Kesho panda gari uende Manyamanyama. Usimwage maneno mengi ya msamaha. Mwambie hujajua kuusikiliza vizuri, akufundishe. Akikufukuza, urudi tena. Litungu lipo chumbani kwangu, juu ya kabati, mpelekee. Nyuzi zimelegea siku nyingi, ila yeye anakumbuka baba alivyozikaza. Usichelewe, maana kifua chake nacho siku hizi kinambana kama cha baba.

Nenda na baraka zangu, mwanangu. Mungu akupe watu wa kusikiliza nao, na huyu mmoja akukutanishe naye angali anasikia.