Mstari wa Tisa

Miaka thelathini kanali wa jeshi la akiba la anga hajabadili desturi. Akifika kiwanjani huvua saa, huizunguka ndege mara mbili, huipapasa tumbo kwa kiganja kitupu kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Kisha husimama chini ya bawa na kusoma orodha ya ukaguzi kwa sauti, mstari kwa mstari, na fundi wake hujibu, "Sawa, mkuu." Marubani wenzake husoma kimoyomoyo. Yeye hataki, eti ndege nayo ina masikio.

Leo fundi roho iko juu. Orodha ilibadilishwa juzi, ukaongezwa mstari wa tisa: pini nyekundu inayofunga magurudumu itolewe kabla ya kuruka. Kanali kafika wa nane, katupia karatasi jicho, kaingia wa kumi bila kusita.

"Mkuu, na wa tisa?"

Kanali akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena; herufi zote zilikuwa ukungu mtupu. Pini ilikuwa ikining'inia palepale, nyekundu kama damu, hatua mbili kutoka puani pake. Akatazama huku na huku.

"Fundi," akanong'ona, "nani mwingine anajua?"